Fundi wa Sauti za Wengine

Jioni hiyo Lysias alikuwa na wageni mezani. Mwaka ni 404 KK, mahali ni Piraeus, bandari ya Athens, na nyumba ni ya watu wenye pesa zao. Watu wa serikali wakaingia, wakawafukuza wageni, wakamwacha mwenye nyumba mikononi mwa mmoja wao aliyeitwa Peison. Wenzake wakaenda moja kwa moja hadi karakana ya ngao ya familia hiyo na kuanza kuandika orodha ya watumwa.

Lysias akamuuliza Peison swali ambalo msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa: hakuna namna? Peison akasema namna ipo, mradi kitu kidogo kisiwe kidogo sana. Wakaelewana talanta moja ya fedha. Ili upate picha, mafundi waliojenga hekalu la Erechtheion miaka michache kabla ya hapo walikuwa wakilipwa drakma moja kwa siku, na talanta moja ni drakma 6,000. Hiyo ni kazi ya miaka kumi na sita bila kupumzika hata siku moja. Peison akala kiapo, akajilaani yeye na watoto wake iwapo angevunja ahadi. Lysias akaingia chumbani, akafungua sanduku. Jamaa akachungulia ndani, akaona yaliyomo, akaita watumishi wawili na kuamuru kila kitu kibebwe: talanta tatu za fedha, sarafu 400 za Cyzicus, sarafu 100 za dhahabu za Uajemi, na vikombe vinne vya fedha. Lysias akaomba angalau aachiwe nauli. Akaambiwa ashukuru kama atatoka hai.

Haya tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe aliyasimulia mbele ya mahakama muda mfupi baadaye, na hotuba ile ipo hadi leo. Watu wakitaja wasemaji wa Ugiriki wa kale huanza na Demosthenes, yule anayesimuliwa kuwa alijaza kokoto mdomoni ili ulimi wake uzoee kunyooka. Ama humtaja Pericles. Mimi humwanzia Lysias. Athens ulikuwa mji uliotawaliwa kwa maneno, na mmoja wa mafundi wake wakubwa kabisa wa maneno alikuwa mtu ambaye sheria haikumruhusu kusimama na kusema katika mkutano wa wananchi.

Hebu tuelewane kuhusu hayo maneno. Kwenye kilima cha Pnyx maelfu ya wanaume walikusanyika, na mpiga mbiu akauliza nani anataka kusema. Raia yeyote angeweza kupanda. Hakukuwa na wabunge wa kutumwa. Aliyehutubia vizuri asubuhi aliweza kubadilisha sera ya nchi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 427 KK mkutano huo, ukichochewa na Cleon, uliamua kuwaua wanaume wote wa mji wa Mytilene ulioasi. Meli ikatumwa kupeleka amri. Kesho yake watu wakaamka na majuto, wakajadiliana upya, na mtu aitwaye Diodotus akawashawishi waghairi, kwa kura chache tu. Meli ya pili ikaondoka ikiwa nyuma kwa takriban siku nzima usiku na mchana, wapiga makasia wakila huku wanavuta, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta. Ikafika wakati amri ya kwanza imekwisha kusomwa na kazi inakaribia kuanza. Kwa hivyo nikisema kwamba kuzungumza Athens halikuwa jambo la mapambo, naomba uniamini.

Lakini huko Pnyx Lysias hangeweza kufungua mdomo. Baba yake, Cephalus, alitoka Syracuse, kule Sicily, na inasemekana ni Pericles aliyemshawishi ahamie Athens. Aliishi hapo miaka thelathini. Nyumba yao iliheshimika kiasi kwamba Plato alipoandika kitabu chake cha Jamhuri, mazungumzo yote aliyaweka humo: mzee Cephalus ameketi na shada kichwani, na mwanawe mkubwa Polemarchus anabishana na Socrates kuhusu haki ni kitu gani. Pamoja na hayo yote, familia ilikuwa ya metoikoi, yaani wageni wakaazi. Mgeni mkaazi alilipa kodi ya kichwa drakma 12 kila mwaka, alienda vitani mji ukimwita, na alihitaji raia wa kumdhamini. Ardhi hakuruhusiwa kumiliki isipokuwa kwa ruhusa maalum. Kura hakuwa nayo. Angezaliwa hapo, azeekee hapo, na watoto wake wabaki kuwa wageni vilevile.

Sasa, mwaka ule wa 404 Athens ilikuwa imeshindwa na Sparta baada ya vita vya miaka 27. Wasparta wakaunga mkono serikali ya watu thelathini, ambao historia inawaita tu Thelathini. Katika miezi yao michache waliua watu wapatao 1,500. Hazina ilikuwa tupu, na wawili kati yao, Theognis na huyo huyo Peison, wakasimama barazani kusema kuwa miongoni mwa wageni wakaazi kuna wasiopenda serikali. Kwa hivyo wakamatwe. Kumi walichaguliwa, na hapa ndipo ujanja wenyewe ulipo: wawili kati ya hao kumi walikuwa maskini, ili ikija kusemwa kuwa kilichotafutwa ni pesa, kuwe na jibu.

Kutoka kwa Peison, Lysias alipelekwa nyumba ya jirani, kwa mtu aitwaye Damnippus ambaye alimfahamu. Wakati Damnippus na Theognis wanajadiliana bei ya roho yake, Lysias akakumbuka kuwa nyumba ile ina mlango wa nyuma. Milango ilikuwa mitatu kabla ya kufika nje, na yote mitatu ilikuwa wazi. Akafika kwa nahodha mmoja, akamtuma mjini kuuliza habari za kaka yake. Nahodha akarudi na jibu: Polemarchus alikutana na mmoja wa Thelathini barabarani, akakamatwa, akapelekwa gerezani. Jina la aliyemkamata ni Eratosthenes. Usiku uliofuata Lysias akavuka bahari hadi Megara.

Polemarchus alilazimishwa kunywa sumu ya hemlock, ileile ambayo Socrates angekunywa miaka mitano baadaye. Hakuelezwa kosa lake, na hakupewa nafasi ya kujitetea. Familia ilikuwa na nyumba tatu, lakini hawakuruhusiwa kumzika kutoka hata moja. Ilibidi kibanda kikodishwe. Rafiki mmoja akatoa joho la kumfunika, mwingine mto wa kichwa.

Kutoka uhamishoni Lysias aliwasaidia wapinzani waliokuwa wakijipanga chini ya Thrasybulus. Inasimuliwa kuwa alitoa ngao 200 na drakma 2,000, na kuwatafutia askari wa kukodi. Mwaka 403 Thelathini wakang'olewa na demokrasia ikarudi. Thrasybulus akapendekeza Lysias apewe uraia, mkutano ukapiga kura, ukakubali. Halafu mwanasiasa mwingine, Archinus, akaenda kupinga: pendekezo halikupitia kwanza kwenye Baraza la 500 kama utaratibu unavyotaka. Kweli, halikupitia. Nchi ilikuwa ndio inatoka vitani, na hilo Baraza lenyewe lilikuwa bado halijasimama sawasawa. Uraia ukafutwa. Kiutaratibu Archinus alikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Basi, mtu amepoteza kaka na amepoteza karakana, na karatasi za uraia amezishika kwa muda mfupi tu kisha zikapokonywa. Anaishi vipi? Akaanza kuuza hotuba.

Soko lilikuwepo kwa sababu ya jinsi mahakama za Athens zilivyofanya kazi. Mawakili hawakuwepo. Ukishtakiwa, unasimama mwenyewe. Ukishtaki, unasimama mwenyewe. Wala hakukuwa na jaji wa kukueleza sheria. Kila mwaka raia 6,000 wenye umri wa miaka 30 na zaidi waliandikishwa kuwa waamuzi, na kesi ndogo ilisikilizwa na 201 kati yao, kubwa na 501 au zaidi. Walilipwa oboli tatu kwa siku, yaani nusu drakma, kiasi ambacho mzee asiye na shughuli hangekidharau. Aristophanes aliwacheka katika mchezo wake wa Nyigu mwaka 422: mzee mmoja amelewa mahakama hadi mwanawe anamfungia nyumbani, naye anatafuta kila tundu la kutorokea ili awahi kesi.

Muda ulipimwa kwa maji. Chungu chenye tundu chini kinajazwa, kinafunguliwa, na maji yakiisha maneno yako yameisha. Kimoja kilichofukuliwa kwenye uwanja wa soko, Agora, kinabeba lita sita na kitu na humwagika kwa takriban dakika sita. Katika kesi za watu binafsi, karani akisoma sheria au ushahidi maji yalizibwa kwanza. Waamuzi hawakuketi kimya: walipiga kelele, walizomea, walicheka. Wakimaliza kusikiliza, hawakwenda chumbani kujadiliana. Walipiga kura hapohapo.

Fikiria wewe ni mkulima. Una maisha yako, umewahi kuhutubia mbuzi tu, na leo uko mbele ya watu mia tano na chungu kinavuja. Ndiyo maana ulikwenda kwa Lysias mapema, ukamsimulia mambo yote, ukalipa, ukapewa hotuba, ukaikariri. Siku ya kesi waliokusikia hawakupaswa hata kushuku kuwa maneno si yako. Hapo ndipo Lysias aliwapiku wenzake. Alimsikiliza mteja, akajua angesemaje kama angekuwa na bahati ya kusema vizuri siku moja maishani, akamwandikia hivyo. Kama mteja ni mtu wa kawaida, hotuba inakuwa ya mtu wa kawaida.

Mfano ni Euphiletos. Huyu alimuua mwanamume aliyemfumania na mkewe, na sheria ilimruhusu, mradi haikuwa njama iliyopangwa. Ndugu za marehemu wakadai ilikuwa njama. (Marehemu naye aliitwa Eratosthenes, usimchanganye na yule wa Thelathini.) Kwa hiyo Lysias alihitaji mahakama imwone Euphiletos kama mtu asiye na uwezo wa kupanga njama hata angetaka. Anachofanya si kubishana. Anasimulia nyumba. Ni ya ghorofa. Mtoto alipozaliwa mke akahamia chini ili asihangaike na ngazi usiku akienda kumwosha, mume akalala juu. Siku moja mume anarudi kutoka shamba bila kutarajiwa. Usiku mtoto analia. Kijakazi anamfinya kwa makusudi. Mume anamwambia mke ashuke akamnyonyeshe. Mke anakataa kwanza, anamtania kuwa anataka abaki na kijakazi, kisha anatoka na kumfungia mlango kana kwamba anacheza, anaondoka na ufunguo. Mume anacheka, analala. Usiku anasikia milango inalia. Asubuhi anauliza, anaambiwa taa ilizimika, ikabidi moto ukaombwe kwa jirani. Anaona mke amejipaka poda usoni, na kaka yake hajafikisha siku thelathini tangu afe. Ananyamaza, anakwenda zake.

Wewe uliyeketi pale na oboli zako tatu unataka kumpigia kelele: bana, fungua macho! Na ukishataka hivyo, kesi imeisha. Mtu huyu atapanga njama gani?

Nimeisoma hotuba hii nikicheka, halafu nikasimama nilipojiuliza mke yuko wapi. Hana jina. Wanawake hawakutoa hotuba mahakamani. Maisha yao yalielezwa na waume, baba na kaka. Kijakazi naye anaongea, lakini kwa kinywa cha Euphiletos, baada ya kutishiwa kuchapwa na kutupwa kwenye kazi ya kusaga nafaka asikotoka tena. Kisheria ushahidi wa mtumwa ulikubaliwa tu ukitolewa chini ya mateso. Waathens waliliandika hili bila aibu yoyote, kama kanuni ya kawaida ya ushahidi.

Mteja mwingine namkumbuka kwa furaha zaidi. Ni mlemavu, fundi mwenye kibanda karibu na soko, aliyekuwa akipata oboli moja kwa siku kutoka kwa serikali. Mtu akamshtaki mbele ya Baraza la 500 kwamba anadanganya: ati si mlemavu kwa sababu huonekana amepanda farasi. Lysias anamwandikia utetezi wa kejeli mtupu. Angekuwa na mali, angepanda nyumbu wa kwake mwenye tandiko laini. Ni kwa sababu hana ndiyo anaazima farasi wa watu. Na kama farasi ni ushahidi wa uzima, mbona hashtakiwi kwa kutembelea fimbo mbili wakati wengine wana moja? Kuhusu oboli yenyewe, mshtaki anaipigania kama vile watu wanavyogombea kuoa msichana mrithi wa mali. Kesi ya oboli moja imeandikwa kwa uangalifu uleule wa kesi ya kuua.

Waandishi wa baadaye, Cicero akiwa mmoja wao, wanasimulia kuwa Socrates aliposhtakiwa mwaka 399 Lysias alimpelekea hotuba tayari. Mzee akaisoma, akaisifu, akasema haimfai, kama viatu vizuri visivyomfaa yeye kuvaa. Alijitetea kwa namna yake na akahukumiwa kufa. Kwa hesabu anayopewa na Plato, kura thelathini tu zingehama angeachiliwa. Nikiri kuwa hadithi hiyo huniacha upande wa Lysias. Socrates aliweza kukataa hotuba nzuri kwa sababu alikuwa raia mwenye miaka sabini ambaye mji mzima ungemsikiliza hata kama ungemchukia.

Turudi kwenye kesi ya Lysias mwenyewe. Baada ya vita Waathens walikula kiapo cha kutokumbushana mabaya. Waliobaki nje ya msamaha ni wachache, Thelathini wakiwemo, lakini hata hao wangeweza kubaki mjini wakikubali kusimama na kutoa hesabu ya walichofanya madarakani. Eratosthenes akakubali. Hivyo mgeni mkaazi akapata nafasi ya kumkabili mtu aliyemkamata kaka yake, na safari hii hakumwandikia mteja. Anaanza kwa kueleza kuwa hajawahi kuendesha kesi, iwe yake au ya mtu mwingine, na kwamba matukio yenyewe ndiyo yamemlazimisha.

Katikati ya hotuba anamwita Eratosthenes jukwaani na kumuuliza maswali. Ulimkamata Polemarchus? Jibu: alitekeleza waliyoamuru wenye mamlaka, kwa sababu ya hofu. Ulikuwepo barazani tulipojadiliwa? Alikuwepo. Uliunga mkono au ulipinga? Alipinga. Alitaka tusife? Ndiyo, alitaka msife. Sasa Lysias anayashika majibu hayo mawili na kuyaweka pamoja: yaani ulipinga ili utuokoe, halafu ukamkamata ili utuue?

Halafu inakuja hoja ambayo sijawahi kuisahau. Eratosthenes hakumkuta Polemarchus nyumbani. Alimkuta barabarani. Aliyetumwa nyumbani kwa mtu na kumpata ndani ana kisingizio, kwa sababu hawezi kurudi kusema hakumwona wakati kila mtu anajua yupo. Aliyekutana naye njiani angepita tu. Angegeuza uso, angemnong'oneza aondoke, angesema jioni kuwa hawakukutana, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuthibitisha vinginevyo. Utetezi wa amri kutoka juu ambao tumeusikia katika kila lugha, Lysias aliujibu kwa kuonyesha kipande kimoja cha barabara ambacho amri haikukiona.

Anamaliza kwa vitenzi vifupi vilivyofuatana, kuwaambia waamuzi kuwa wamesikia na kuona na kuumia, basi waamue. Kama ilivyo kwa hotuba nyingi za Athens, yaliyohifadhiwa ni maneno, hukumu haikuhifadhiwa.

Sehemu ya hotuba hiyo ambayo huirudia sana ni pale anapoorodhesha walichoporwa. Ngao 700. Fedha na dhahabu, shaba, mapambo, samani, nguo za kike kuliko waporaji walivyotarajia kupata. Na watumwa 120, walewale walioandikwa majina, kama waliandikwa majina, jioni ile wageni walipofukuzwa mezani. Wako kwenye sentensi moja na samani. Kuhusu hao Lysias, ambaye aliweza kumpa mlemavu wa sokoni sauti ya kuchekesha Baraza zima, anasema jambo moja: Thelathini walijichukulia walio bora, waliosalia wakawapeleka hazina ya serikali. Kisha anasonga mbele, kwenye hereni za dhahabu za mke wa Polemarchus, ambazo Melobius alizichomoa masikioni mwake alipoingia tu ndani ya nyumba.